Aliyepeleka bahari Mkotokuyana, wakamwita mleta mvua

Saa mbili asubuhi kirikuu nyeupe inakata kona ya ghala la korosho na kusimama katikati ya uwanja wa mpira wa Mkotokuyana. Nyuma imebeba mabomba ya chuma, maturubai meusi, jenereta, jiko la mkaa na spika nne zilizofungiwa ndani ya magodoro. Juu ya mzigo huo ameketi mwanamke mwembamba aliyepakata projekta iliyoviringishwa blanketi, utadhani anarudi kliniki na mtoto.

Kwa kawaida gari likiingia kijijini, watoto hulikimbilia. Leo hawakimbii. Wamesimama mbali, kwenye kivuli cha ukuta wa shule, wanatazama tu.

"Wamekatazwa kusogea," anasema mwanamke huyo akishuka. "Ningekuwa mama yao, na mimi ningewakataza."

Huyu ndiye Munira Bakary, mwenye umri wa miaka 34, mzaliwa wa hapa hapa Mkotokuyana, wilayani Nachingwea. Kazi yake ni kuwapelekea bahari watu wasioijua. Mara ya mwisho kuileta hapa, Oktoba iliyopita, nyuma yake yalimfuata maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyaandika.

Kutoka kiti cha mbele anateremka mama yake, Bi Mwantumu, na sufuria mkononi. Hajakanyaga vizuri ardhi, sauti inatoka kwenye kijiwe cha bodaboda.

"Mama Mvua huyooo! Leo mmetuletea ya kawaida au ya mawe?"

"Nimekuletea radi, Rashidy, tena ya peke yako!" Bi Mwantumu anamjibu bila hata kugeuza shingo. "Na shikamoo yangu umeiacha wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Haya, shuka kwenye pikipiki uje umsaidie dada yako mabomba."

Rashidy anacheka, anajikuna kichwa, lakini hashuki. Wenzake nao wanajifanya kutazama simu. Munira anaona, anaanza kushusha mabomba mwenyewe akisaidiwa na mwenzake wa kazi, Gaudens, fundi wa kuchomelea mageti kutoka Ruangwa, ambaye pia ndiye mwenye gari.

Kazi anayoifanya Munira haina jina la Kiswahili lililozoeleka. Wataalamu waliomfundisha waliiita maonyesho ya kumzamisha mtazamaji.

"Nikawaambia, jamani, hilo jina kwetu haliendi," anasimulia huku akifunga kamba. "Mwambie mtu wa Nachingwea kwamba unataka kumzamisha, atakuitia mgambo!"

Watu wa Nachingwea wakaipa jina lao wenyewe: Chumba cha Bahari. Ni hema jeusi lenye ukubwa wa nusu darasa. Ndani yake kuta tatu zimetandazwa shuka nyeupe, na projekta mbili zinamwaga picha pande zote. Ukiketi mkekani katikati, kulia kwako ni bahari, kushoto bahari, na kasa anapita juu ya kichwa chako bila hodi. Spika ziko pembe nne. Kwa muda wa robo saa unasahau kwamba uko mwendo wa saa kadhaa kwa basi kutoka pwani.

Humo ndani Munira anaonyesha jinsi bahari inavyopata joto: matumbawe yanayogeuka meupe na kufa, samaki wanaohama, na mwani unaooza mikononi mwa wanaoulima. Picha hizo amezipiga mwenyewe huko Lindi.

Hakuanzia baharini. Alipomaliza kidato cha nne alijifunza kupiga video za harusi kwa mjomba wake, na mpaka leo harusi ndizo zinazomlisha. Harusi moja mjini Nachingwea humpatia kama shilingi 200,000, ikiwa bwana harusi hajaingia mitini. Chumba cha Bahari ni shilingi 500 kwa mtu mzima na bure kwa watoto, na mara nyingi zote huishia kwenye mafuta ya gari na ya jenereta.

Miaka minne iliyopita kundi la wapiga picha lilifika Lindi kurekodi maisha ya baharini. Walimhitaji mwanamke wa kuzungumza na wakulima wa mwani, kwa kuwa akina mama hao walikuwa wakikaa kimya kila walipoelekezewa kamera na wanaume. Mtu akamtaja Munira.

"Nilikuwa na miaka thelathini, bahari naijua ya kwenye kalenda," anasema. "Nilipoingia maji mpaka magotini nikalia. Waliniuliza, dada, umechomwa na kitu? Nikawaambia hapana, nina mama yangu nyumbani, na haya hajawahi kuyaona."

Wageni hao walimfundisha kutumia kamera inayoona pande zote kwa wakati mmoja. Walipoondoka walimwachia projekta zilizokwisha kutumika na miwani sita, ile ambayo mtu akiivaa anaona picha tupu na si dunia.

Miwani haikudumu. Siku ya kwanza sokoni Nachingwea, bibi mmoja muuza mihogo alipoona jinsi inavyofunika uso, alirudi nyuma na kupiga kelele hadi soko zima likasikia.

"Mimi nilichezwa unyago nikiwa kigori, nikafunikwa, nikafunzwa, nikatolewa. Sifunikwi uso mara ya pili!"

Soko likaangua kicheko, na tangu hapo kila mwanamke mtu mzima akawa na jibu hilo hilo mdomoni. Munira akaiweka miwani kabatini, akamtafuta Gaudens, wakaanza kuchomelea mabomba ya hema.

Mambo yakaenda vizuri. Walizunguka Nachingwea, wakafika Ruangwa, shule zikawaita. Ndipo Munira akasema ni zamu ya nyumbani.

Ili uelewe kilichotokea, msomaji, lazima uujue mwezi wa Oktoba katika nchi ya korosho. Watu wanaokota korosho tangu alfajiri, wanatenganisha na mabibo, wanaanika. Kila ua una jamvi, kila jamvi lina ada ya shule, bati la nyumba na nguo za sikukuu. Mvua ikinyesha juu ya korosho zilizoanikwa, zinafanya ukungu, zinashuka daraja, na mnadani mnunuzi anazitazama kwa pembe ya jicho. Mwezi huo mtu wa Mkotokuyana akilala, sikio lake moja linabaki nje.

Munira alijua yote hayo. Amekulia humo. Lakini siku hiyo kichwa chake kilikuwa baharini.

Hema lilijaa. Akina mama waliacha kazi zao waje wamtazame mtoto wa Mwantumu. Taa zikazimwa. Munira alitaka bahari isikike kwanza kabla haijaonekana, kwa hiyo giza likawa giza, na kutoka spika za nyuma mawimbi yakaanza taratibu: shaaa. Yakatulia. Yakaja tena, makubwa zaidi: shaaaaa!

"Nikasikia sauti moja tu," anakumbuka. "Korosho!"

Basi! Wote wakainuka kwa pamoja. Hakuna aliyetafuta mlango. Walitoka palipokuwa karibu, nguzo zikang'oka, hema likawaangukia, wakatambaa chini ya turubai, wakachomoza upande wa pili mbio na mitandio mkononi. Wengine walikwisha kufika nyumbani na kuanza kukunja majamvi, korosho na mchanga na majani vyote pamoja, ndipo wakatazama juu. Jua lilikuwa linachoma kama pasi. Wingu hata la dawa halikuwepo.

Siku hiyo walicheka. Walicheka mpaka wakakaa chini. Hata Bi Zaina, kiongozi wa kikundi cha akina mama wabanguaji, aliyeangukiwa na bomba begani, alicheka akashika mbavu.

Tatizo ni kwamba wiki hiyo hiyo mvua ilikuja kweli.

Ilikuja mchana, bila kuonya, Oktoba katikati, ikanyesha hadi jioni. Iliwakuta wengi mashambani. Korosho ziliogelea uani, zilipokauka zikawa na madoa meusi. Ukulima wa mwaka mzima uliharibika kwa alasiri moja, na kijiji kikatafuta wa kumlaumu. Mbingu haina wa kuishtaki. Mtoto wa Mwantumu yupo, na wiki hiyo hiyo alikuwa amepiga sauti ya mvua kwa spika nne.

"Ametuchuria," watu wakasema. Wengine wakaongeza ya kwao, kwamba sauti ile si ya mashine, kwamba amefundishwa huko pwani. Likazaliwa jina la Mama Mvua, wakabandikwa binti na mama yake pia, na jina la ubaya halichelewi kujifunza kutembea.

Munira anasema matusi aliyameza. Kilichomuumiza ni kilichompata mama yake.

Bi Mwantumu ni mjane na alikuwa katika kikundi cha Bi Zaina tangu kilipoanza. Akina mama hao hubangua korosho zao za kula na za kuuza rejareja kwa zamu: leo wote wako kwa huyu, kesho wote kwa yule. Mwenye zamu ndiye anayepika. Ilipofika zamu ya Bi Mwantumu, alichota maji, akasonga ugali, akapika kisamvu cha nazi, akatandika mikeka.

Hakuja mtu.

"Walipita njiani," anasema Bi Mwantumu, na mara hii hana utani. Kiswahili chake kina lafudhi nzito ya Kimwera, na akihuzunika kinapungua. "Walipita, salamu hawakutoa. Ugali ule nililisha kuku. Na kuku nao walichoka."

Mwanawe alipopata habari alikuja kumchukua, akampeleka katika chumba chake cha kupanga mjini Nachingwea. Chakula kipo, kitanda kipo. Lakini Bi Mwantumu si mtu wa kukaa chumbani kutwa kama kuku anayeatamia. Siku ya tatu akapanda kirikuu bila kualikwa, na tangu siku hiyo ndiye bawabu wa Chumba cha Bahari. Anaketi mlangoni, anavua watoto viatu, anawakemea wanaosukumana. Mwalimu mmoja wa Ruangwa alijaribu kupita bila kulipa akaambiwa kwamba bahari haina mlango wa nyuma.

Watu wanampenda. Munira anacheka naye, ila hadanganyiki.

"Mama anachekesha wageni kwa sababu hana wenzake," anasema kwa sauti ya chini, akihakikisha mama hasikii. "Jioni tukirudi anakaa kimya. Anakosa mtu wa rika lake wa kugombana naye. Nilitaka kumpelekea mama bahari, nikamwondoa kwa watu wake. Hilo linaniuma kuliko lolote."

Aliacha kazi hiyo kwa muda, akarudi kwenye harusi. Siku moja, akiwa anasafisha mashine, akaiweka tena ile sauti ya mawimbi, akafumba macho. Akasikiliza mara ya kwanza kama mtu mwenye korosho uani.

"Nikaona aibu na furaha pamoja," anasema. "Ni mvua kabisa! Mvua inapita juu ya mikorosho, inakuja kutoka mbali. Nikajiambia, wewe Munira, umezunguka na samaki wako wa rangi, ukawaonyesha watu kobe wa baharini, na hukuwaambia kwamba mvua wanayolimia inaanzia kule. Mama zangu walisikia mvua. Mimi nilikuwa nimewaletea picha nzuri tu."

Akarudi Lindi kwa Hajra, mkulima wa mwani waliyefahamiana tangu safari ya kwanza. Mara hii hakupiga picha za matumbawe. Alimsimamisha Hajra majini, akamwambia: zungumza na mwanamke wa Mkotokuyana anayelima korosho. Kisha akarudi, akapiga picha mikorosho yenye mabibo ya mwisho, akapiga upepo, akapiga mawingu yanavyopanda kutoka upande wa pwani. Akaanza upya.

Kilichobaki kilikuwa ruhusa. Munira angeweza kupeleka hema jipya popote, watu wa kijiji cha Nanganga walikuwa wameshamwita, lakini alikataa kulifungua kwingine kabla ya nyumbani. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji, Bashiri, amweke kwenye mkutano wa Desemba. Akaenda na Gaudens.

Bi Zaina ndiye aliyesimama kwanza. Hakupiga kelele. Alisema yeye si mjinga, anajua mashine haileti mvua, lakini watu wake wameumia na mtu aliyeumia hachezewi mahali pa kidonda. Alisema, "Huyu ni mtoto wetu. Ndiyo maana tulitegemea atujue." Mkutano ukaitikia kwa kuguna.

Ndipo Gaudens akanyoosha mkono. Ukoo wake na ukoo wa Bi Zaina ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ambayo mkwe hana.

"Mimi nawauliza watani zangu," akasema. "Kama huyu mtoto anajua kuita mvua, mwaka juzi mahindi yalipokauka mbona hamkumtumia hata nauli? Mnaye mleta mvua wa kwenu, mnakufa njaa, mnamwacha mjini anapiga picha maharusi! Ninyi watu mna akili au mna mabibo kichwani?"

Kwa mtu mwingine yeyote, kauli hiyo ingeleta ngumi. Kwa mtani ilileta kicheko. Bi Zaina alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Lakini alipomaliza kucheka alitoa sharti. Hema lirudi korosho zikishaingia kwenye magunia, si kabla. Akina mama wa kikundi waingie kwanza, peke yao. Wakitoka wakasema halifai, Munira asirudi na turubai lake Mkotokuyana maishani.

Kwa hiyo leo, Jumamosi ya Januari, korosho zimekwisha kuuzwa, mahindi yamefika magotini na mvua ya kuyakuza imekata, watu wanatazama mbingu kwa kusudi jingine. Hema limesimama. Nje ya mlango Bi Mwantumu amewasha jiko, amebandika sufuria ya maji, ameifunika mfuniko.

Kikundi kinakuja, Bi Zaina mbele. Salamu zinatolewa, fupi na za heshima. Bi Mwantumu na Bi Zaina hawatazamani usoni.

Munira hawaingizi ndani moja kwa moja. Anainua mfuniko, anaugeuza. Matone yanamwagika.

"Sufuria ni bahari," anasema. "Jiko ni jua. Mfuniko ni mbingu yetu ya hapa."

"Na ukizidisha mkaa?" anauliza Bi Zaina.

"Maji yanachemka zaidi, mama. Mvuke unazidi, mvua inakosa adabu. Inaweza kuja Oktoba, au isije kabisa unapoihitaji."

"Na huo mkaa nani anauongeza?"

"Wengi. Viwanda, magari, misitu inayochomwa. Walio wengi wako mbali sana na hapa. Na sisi tumo, kidogo, tukichoma mapori."

"Hao wa mbali umewaonyesha hii sufuria yako?"

"Bado, mama."

"Waonyeshwe," anasema Bi Zaina, anavua ndala, anaingia.

Ndani, safari hii, bahari haianzi. Inaanza Mkotokuyana yenyewe: mikorosho yao, njia yao, mbuzi wa mwenyekiti anayejulikana na kila mtu kwa wizi wa mihogo. Akina mama wanashangilia mbuzi. Kisha picha inapanda juu ya miti, inafuata upepo kinyumenyume, inapita vilima, inapita Lindi, na kuta zote tatu zinageuka maji. Mwanamke mmoja anamshika mwenzake mkono. Mwingine anasema "Ee Mola!" na kukunja miguu isilowane.

Hajra anatokea ukutani, maji yamemfika kiunoni, ameshika kamba ya mwani iliyooza.

"Shoga yangu wa Mkotokuyana," anasema, "maji haya zamani yalikuwa baridi, sasa mchana yananiunguza miguu. Mimi mwani wangu unaoza. Nasikia na wewe korosho zako zimelowa Oktoba. Basi pole, shoga. Nilidhani haya yamenipata peke yangu."

Kutoka gizani Bi Zaina anajibu, kama vile ukuta unasikia: "Na wewe pole, mwenzetu. Pole sana."

Munira, aliyekaa nyuma kwenye mashine, anashika kinywa kwa kiganja.

Sehemu ya mwisho inakuja: mawimbi yanageuka taratibu kuwa mvua juu ya mikorosho. Kwa mpango, sauti ilitakiwa ififie mpaka kimya. Haififii. Munira anapunguza spika. Bado inasikika. Anazima kabisa. Inazidi, sasa inapiga juu ya vichwa vyao.

"Munira!" Gaudens anapaza sauti huko nje. "Jenereta linalowa!"

Umeme unakatika. Hema linakuwa giza totoro. Watu wale wale, turubai lile lile, na mvua juu. Munira anasema wakati huo aliona Oktoba yote ikirudi, akashika nguzo ya karibu kwa mikono miwili ili angalau hiyo moja isianguke.

Hakuna aliyeinuka.

"Kaeni," sauti ya Bi Zaina inasema gizani, bila haraka. "Korosho zilishakwenda mnadani." Kisha, baada ya kusikiliza kidogo: "Hii ndiyo mvua sasa. Mahindi yatakunywa. Ile nyingine uliikosea mwezi, mwanangu."

Hema linalipuka kwa vicheko.

"Mama, mimi sijaileta," Munira anajitetea.

"Tunajua," anasema Bi Zaina. "Si tumeona inakotoka?"

Wanabaki ndani mpaka mvua inapopungua, na maneno yanazaa maneno. Mmoja anasema ni lazima msimu ujao kila ua uwe na kichanja cha kuanikia, juu ya ardhi, na turubai lililokunjwa pembeni. Mwingine anasema utabiri wa hali ya hewa hutolewa redioni kila siku ila huwa wanauzima wakingoja taarabu. Wanakubaliana kupeana zamu ya kuusikiliza, na atakayesikia onyo apige sufuria. Kuhusu hema, Bi Zaina anampa mwenyekiti jibu fupi: watoto waje. Uwanja unajaa. Rashidy naye yupo, na ndiye anayekausha jenereta kwa shati lake.

Alasiri, baada ya maonyesho manne, Munira ana uso wa mtu aliyetua mzigo. Anazungumza haraka, mipango inamtoka. Kesho ni Nanganga, kisha shule za Ruangwa. Akifanikiwa, anataka chumba cha kudumu mjini Nachingwea, ukutani mwake Hajra na wenzake wa Lindi waonekane moja kwa moja, si kwa picha ya zamani, ili wakulima wa mwani na wa korosho waulizane habari za maji na mawingu kila wiki.

"Wakizoeana, siku moja nitakodi basi," anasema. "Nitawapeleka akina mama hawa wakaikanyage bahari kweli. Mama yangu akae dirishani."

Gaudens amemaliza kufunga mzigo. Anapiga honi. Munira anamwita mama yake.

Bi Mwantumu yuko barazani pa shule, katikati ya akina mama, mikono inazunguka hewani. Anabishana na Bi Zaina kuhusu nani aliunguza korosho za sikukuu mwaka gani, na kwa sauti zao mtu asiyewajua angedhani wanataka kupigana. Munira anaita tena. Mara ya tatu ndipo mama anageuka, na amekasirika kukatizwa.

"Nendeni ninyi!" anasema. "Mimi Nanganga siendi. Kesho tunabangua kwa Zaina."

"Na mlangoni atakaa nani?" Gaudens anauliza kutoka kwenye usukani.

"Tafuteni mtu!"

Na anageuka kuendelea na ugomvi wake. Munira anabaki amesimama na mkono juu ya mlango wa gari. Anacheka, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anacheka tena.

"Nanganga," anamwambia Gaudens akipanda, "tunahitaji bawabu."